Kasoro ndogo ya umeme kwenye gari jipya usiilaze

Saa kumi alfajiri, mwezi wa saba, baridi ya Usambara ikiwa imeingia mpaka kwenye magodoro, mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika kijiji kilicho juu ya mji wa Lushoto aliamshwa na kilio cha mwanawe wa miaka tisa. Mtoto alikuwa anatetemeka, ameshika miguu yake kwa mikono miwili, anasema mifupa inamuuma. Kipimajoto kilisoma nyuzi 38.9.

Mwalimu hakuhitaji kuambiwa. Mwanawe ana selimundu, na kliniki walishamfundisha kwamba homa ya mtoto wa selimundu haisubiri kukuche. Ni hospitali, saa hiyo hiyo. Ndiyo sababu yeye na mumewe, mfanyabiashara wa karoti na kabichi, walikopa kwenye chama chao cha akiba wakanunua gari la kuvuta magurudumu yote manne, lililotumika Japani, lenye uwezo wa kupanda ile njia ya udongo mwekundu hata masika. Gari lilikuwa na wiki tano tu nyumbani.

Baba akaingia garini, akazungusha ufunguo. Tk-tk-tk-tk. Taa za dashibodi zikafifia. Akajaribu tena. Tk. Kisha kimya.

Majirani wakaamka. Vijana wanne wakashika nyuma wasukume, mpaka mmoja akauliza, "Baba, hili si la otomatiki?" Ni kweli. Gari la gia za otomatiki haliwashwi kwa kusukumwa. Jirani mwenye lori akaja na tochi, akatazama betri, akatikisa kichwa. "Ndugu yangu, lori langu ni volti 24, gari lako ni volti 12. Tukiyaunganisha tutaunguza mfumo wako wote."

Mtoto akapelekwa kwa bodaboda. Alifungwa mablanketi mawili, katikati ya dereva na mama yake, kwenye ukungu usioonyesha hatua kumi mbele. Baridi yenyewe ni mojawapo ya vitu vinavyoamsha maumivu ya selimundu. Walifika. Akawekewa dripu, akapewa dawa ya maumivu na antibayotiki, na siku ya nne akarudi nyumbani akiwa anatembea mwenyewe.

Siku ile ile aliyorudi, mama alifungua daftari jipya, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza: "Gari." Akamwambia mumewe, "Baba watoto, kuanzia leo hakuna kitu kinachoitwa kashida kadogo."

Dalili zilikuwapo

Kwa kweli gari lilikuwa limejieleza tangu siku ya kwanza. Indiketa ya nyuma kushoto ilikuwa inapepesa haraka kuliko ya kulia. Ukikanyaga breki, taa ya indiketa hiyo hiyo ilikuwa inawaka kwa mbali, kama inaota. Kioo cha nyuma hakikushuka kwa swichi ya mlango wake. Redio ilikuwa inashika stesheni mbili tu. Kila asubuhi, ufunguo ukizungushwa, sauti ya mwanamke ilisema maneno ya Kijapani, watoto wakacheka. Na mara mbili, baada ya gari kulala siku mbili bila kutembea, stata ilizunguka kwa uvivu kabla ya injini kuwaka.

Kila mara jibu la baba lilikuwa lile lile: "Limetoka mbali, litazoea."

Hapo ndipo familia nyingi zinapokosea. Gari lililotumika linapofika, furaha ni kubwa na fedha zimekwisha. Hakuna anayetaka kusikia kwamba kuna tatizo. Tena mume akisifiwa kwa kununua gari, mke akitaja kasoro huonekana analaumu. Lakini mwili wenye homa haunyamazi kwa sababu mwenye nyumba hana hela ya dawa, na umeme wa gari ni vivyo hivyo.

Andika kwanza, fungua baadaye

Daftari la mwalimu lilikuwa na safu nne: tarehe, kilichotokea, gari lilikuwa katika hali gani, kilichofanyika. Alipolala siku ngapi? Mvua ilinyesha? Lilikuwa limetoka kwenye njia ya mawe? Injini ilikuwa ya moto au ya baridi? Aliandika hata vile mumewe alivyosema si kitu.

Fundi umeme wa magari aliyeitwa kutoka mjini, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alipopewa daftari lile alilisoma lote kabla ya kugusa boneti. "Mama, watu huniambia tu, gari linasumbua. Wewe umenipunguzia nusu ya kazi."

Ni kama kwa daktari. Mgonjwa anayesema "naumwa" hupimwa kila kitu. Anayesema "homa huja jioni, siku ya tatu sasa, natoka jasho" hufika kwenye dawa mapema.

Ambayo si ugonjwa

Kazi ya kwanza ilikuwa kutenga yasiyo kasoro, ili fedha isiende huko.

Redio haikuwa mbovu. Redio za magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani zimepangiwa masafa ya FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, na za miaka ya karibuni hadi 95. Stesheni zetu nyingi ziko kati ya 88 na 108. Kwa hiyo gari linasikia kipande kidogo tu. Dawa ni kifaa kidogo cha kubadili masafa au kuweka redio nyingine. Si kazi ya dharura.

Yule mwanamke wa Kijapani naye hakuwa mgonjwa. Magari mengi ya huko yana kifaa cha kulipia barabara za ushuru, na kila gari likiwashwa kifaa hutangaza kwamba hakijawekewa kadi. Hapa kwetu hakina kazi, lakini hakina madhara pia.

Kioo cha nyuma kilikuwa kimefungwa kwa makusudi. Kwenye mlango wa dereva kuna kitufe kinachozuia abiria kushusha vioo vya umeme. Mtu alikuwa amekibonyeza tangu bandarini. Mwalimu alikibonyeza, kioo kikashuka, kisha akakibonyeza tena. Watoto wadogo wamewahi kuumizwa vidole na hata shingo na vioo vya umeme, hivyo kitufe hicho ni rafiki wa mzazi.

Dakika kumi, na kasoro tatu zikafutwa daftarini bila senti tano.

Betri: angalia, tikisa, pima

Kilichofuata ni betri, maana kasoro nyingi za umeme huanzia hapo. Fundi alianza kwa macho: je, vichwa vya betri vina unga mweupe au wa kijani? Akaja kwa mkono: je, vibano vinacheza? Gari linalotembea njia ya mawe hutikisika kutwa, na kibano kilicholegea kidogo kinatosha kulinyima stata nguvu. Hata betri yenyewe lazima ifungwe na chuma chake isirukeruke.

Unga ulikuwapo. Fundi akazima kila kitu, akafungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, akasafisha kwa maji ya vuguvugu yenye magadi ya kuokea, akakausha, akarudisha chanya kwanza na hasi mwisho. Mpangilio huo una sababu. Hasi ikiwa imefunguliwa, spana ikigusa bodi kwa bahati mbaya haipigi cheche.

Ndipo akatoa mita ya umeme, ile ndogo inayouzwa maduka ya vifaa vya umeme. Betri nzima ya volti 12 iliyopumzika husoma karibu 12.6. Hii ilisoma 11.9, yaani ilikuwa karibu tupu. Akaenda kwenye gari dogo la mwalimu mwenzake, la volti 12, wakalishtua kwa waya: nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya betri nzima, nyeusi kwenye hasi ya betri nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Betri hutoa hewa ya hidrojeni inayoweza kulipuka, ndiyo maana cheche ya mwisho haipigwi juu yake.

Injini ilipowaka, mita ikasoma 14.2. "Altaneta yako ni nzima," fundi akasema. "Betri inajazwa vizuri. Basi kuna mtu anainywa usiku."

Mwizi wa usiku

Baada ya kulitembeza gari saa nzima ili betri ipate nguvu, walilizima, wakafunga milango, na fundi akaiweka mita katikati ya waya wa hasi na betri, ili umeme wote unaotoka upite ndani ya mita. Kisha wakanywa chai. Ilibidi wasubiri nusu saa, maana kompyuta za gari huchukua muda kulala. Katika hali hiyo hakuna kuwasha injini wala taa, la sivyo mita inaungua.

Gari lililolala vizuri hutumia umeme kidogo sana, kwa kawaida chini ya ampea 0.05, kwa ajili ya saa na alamu. Mita ilisoma 0.48.

Mwalimu, ambaye hufundisha saketi darasa la sita lakini hakuwahi kufungua boneti, alipiga hesabu nyuma ya daftari. Ampea 0.48 kwa saa 24 ni karibu ampea-saa 11.5 kwa siku. Betri yao imeandikwa 60. Siku mbili na nusu, karibu nusu imekwisha. Ongeza uzee wa betri na baridi ya alfajiri, ambayo huipunguzia betri nguvu, na ile tk-tk-tk ikapata maelezo yake. Gari lilikuwa limelala tangu Ijumaa jioni. Mtoto aliugua Jumatatu alfajiri.

Fundi akaanza kuchomoa fyuzi moja moja, mwalimu akitazama mita. Ukichomoa fyuzi na namba ikashuka, umeipata njia ya mwizi. Zilichomolewa zote, namba haikushuka.

"Basi hapiti mlangoni," fundi akasema. "Amebomoa ukuta." Akafuata waya mmoja mwekundu uliofungwa moja kwa moja kwenye chanya ya betri. Akaufungua. Mita ikaanguka hadi 0.03.

Baba watoto alikuwa amesimama pembeni. Alijua waya ule. Wiki ya pili baada ya gari kufika, alikuwa amefungiwa kikuza sauti cha muziki chini ya kiti, kando ya barabara, kwa kazi ya saa moja. Aliyekifunga hakuunganisha waya wa kukiwasha na redio, ambao ungekizima redio inapozimwa. Aliuunga kwenye umeme wa kudumu. Kikuza sauti hakikuwahi kulala hata usiku mmoja.

Hilo halikuwa baya zaidi. Waya ule haukuwa na fyuzi popote, na ulipita chini ya zulia, mahali kiti kinapoteleza. Kila kiti kiliposogezwa ulikuwa unasagwa. Fundi alipouinua, ganda lilikuwa limekwisha na shaba inaonekana kwa urefu wa kucha. Ungegusa chuma cha kiti, ungewaka kama jiko, na kiti kile ndicho anachokaa mtoto mgonjwa.

Baba alikaa kwenye ngazi ya mlango wa gari. Hakusema kitu kwa muda. Kisha akasema, "Mama watoto, muziki nautoa." Mkewe akamjibu kwamba hakuna haja, ufungwe tu inavyotakiwa. Fundi akaweka waya mpya mnene, fyuzi karibu kabisa na betri, bomba la plastiki kwenye njia yote, na waya wa kuwasha ukaenda kwenye redio.

Fyuzi ni mlinzi, si kizuizi

Zikabaki taa za nyuma. Indiketa inayopepesa haraka mara nyingi husema balbu moja imekufa, na ndivyo ilivyokuwa. Indiketa inayowaka kwa mbali ukikanyaga breki husema umeme unakosa njia nzuri ya kurudi kwenye bodi, hivyo unapenya kwenye taa nyingine. Fundi alifungua bolti moja yenye kutu nyuma ya taa, akaipiga msasa mpaka chuma kikang'aa, akapaka grisi, akafunga. Imekwisha.

Lakini kwenye sanduku la fyuzi alikuta jambo lililomkunja uso. Mfuniko ulikuwa wa maandishi ya Kijapani, ila tarakimu ni zile zile. Palipoandikwa 10, palikuwa na fyuzi ya kijani, ya ampea 30. Fyuzi huzidiwa na kukatika ili waya usizidiwe na kuungua. Ukiweka ya 30 mahali pa 10, umemwambia mlinzi asipige filimbi mpaka nyumba iwake. Wengine huweka karatasi ya fedha ya sigara au kipande cha waya, ambayo ni sawa na kumfukuza mlinzi kabisa.

Rangi za fyuzi bapa hazina siri: 7.5 ni kahawia, 10 nyekundu, 15 bluu, 20 njano, 25 nyeupe ya kuonyesha, 30 kijani. Fyuzi ikikatika, weka ya namba ile ile. Ikikatika tena, usiongeze namba, tafuta sababu. Weka chache za akiba kwenye kisanduku cha gari.

Mwenye gari la njia mbaya anaweza pia kupima rilei bila kifaa. Honi ikikataa, badilisha rilei yake na nyingine ya namba ile ile kwenye sanduku hilo hilo. Honi ikilia, rilei ndiyo ilikuwa mgonjwa. Taa zote za breki zikizimika kwa pamoja, angalia fyuzi, kisha swichi ndogo juu ya pedali ya breki. Ikizimika moja, anza na balbu.

Yasiyoguswa nyumbani

Waya na soketi za rangi ya njano chini ya usukani na kwenye viti kwa kawaida ni za mifuko ya hewa. Hizo aguse fundi aliyefundishwa tu, maana mfuko ukifyatuka usoni mwa mtu huumiza vibaya.

Maji ya betri ni asidi. Yakiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Ukishika betri, nawa mikono kabla ya kushika chakula au mtoto, kwa sababu ndani yake mna risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Betri iliyokufa isiwe kigoda cha watoto nyuma ya nyumba. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathirika kwa risasi ya kiwanda cha kuyeyushia betri, na mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fedha hiyo hairudishi afya ya mtoto.

Na usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa ili kujaza betri asubuhi ya baridi. Moshi wa injini una hewa ya kaboni monoksidi, haina harufu, na huua waliolala chumba cha pili.

Jumapili jioni

Siku hizi familia ile ina desturi yake. Kila Jumapili kabla ya chakula cha usiku, baba hukaa kwenye usukani, binti mkubwa huzunguka gari na daftari, akiita kwa sauti: "Breki kushoto ipo. Breki kulia ipo. Indiketa ipo. Reverse ipo." Mama hupima betri na kuandika namba. Ikishuka chini ya 12.4 gari halilazwi hivyo hivyo, hutembezwa au hutafutiwa sababu. Namba za madereva wawili wa bodaboda na mmoja wa teksi zimebandikwa mlangoni pia, kwa kuwa mwenye mtoto wa selimundu hategemei mlango mmoja.

Mwezi wa kumi, mvua za vuli zikiwa zimeanza, homa ilirudi saa nane usiku. Baba alizungusha ufunguo mara moja, injini ikaitika. Mama akapanda nyuma na mtoto aliyefunikwa vizuri.

Yule mwanamke wa Kijapani akasema maneno yake kama kawaida. Fundi alikuwa ametaka kumtoa, watoto wakakataa. Mtoto, kichwa kikiwa mapajani mwa mama yake, akafumbua macho akamjibu kama anavyomjibu kila asubuhi:

"Haya, tumesikia. Twende."